Giaboksi ikikataa kuingia, usiivute kwa bolti

Kama nyuma ya nyumba yenu kuna gari lililokufa, lile ambalo kuku wametaga chini ya kiti cha dereva na mathee kila wiki anauliza litauzwa lini kwa kilo, haya ni yako. Kama hakuna, soma tu. Hutakosa cha kubeba.

Gari letu ni Toyota Corolla DX, ile ya umbo la boksi, ya miaka ya 1980. Ni la mzee wangu. Nambari zake ni za kale, kabla hata ya KAA. Lilimpeleka kazini Industrial Area miaka mingi, na kila Disemba lilitupeleka ushago tukiwa tumebanana nyuma, magoti yamefika kidevuni. Halafu injini ikaanza kunywa oili kama petroli. Mzee akaliegesha nyuma ya tangi la maji kwetu Ruai, akasema atalishughulikia mwezi ujao. Mwezi ujao huo ulichukua miaka tisa.

Mwaka jana nikaamua kulifufua. Nina miaka 24. Kazi ya kuajiriwa sina, naandika mtandaoni na kupiga video fupi za watu wakitaka matangazo. Cheti cha chuo pia sina. Hilo la cheti tutalirudia, usiwe na haraka.

Kwanza tuongee injini, maana hapa ndipo vijana wengi hupotelea. Ukitaja tu kwamba una DX, kila mtu anakuwa injinia. "Buda, weka 1JZ!" Hiyo ni injini ya silinda sita, lita mbili na nusu, na turbo. Sawa, lakini breki za DX zilitengenezwa kusimamisha gari jepesi lenye injini ndogo. Ukiongeza nguvu bila kugusa breki, springi na radieta, umejitengenezea jeneza lenye redio. Wanaokushauri hivyo hawatakuwa ndani siku utakapokuwa ukishuka mteremko na pedali imezama hadi chini.

Mimi nilichagua 5K. Injini ya zamani ya gari letu ilikuwa 4K, ya sisi 1290. Hii 5K ni ya sisi 1486, na ilikuwa ikifungwa kwenye van kama Lite Ace na Town Ace. Zote ni za ukoo mmoja, kwa hivyo 5K inakubali giaboksi ya mwenzake bila kukata chuma wala kuchomelea vitu vya ajabu. Hata hivyo, hata ndugu hawavai kiatu saizi moja. Sampu ya ile ya van haikukaa vizuri, ikabidi tuhamishe sampu ya 4K pamoja na bomba lake la kufyonza oili. Niliinunua kwa elfu 45, na risiti nikachukua. Hiyo risiti itunze kama kitambulisho, nitakueleza sababu.

Sasa klachi. Mtu akikwambia "nunua klachi ya gari fulani" bila kupima chochote, mwambie asante kisha uendelee kupima. Klachi ina wakubwa wawili. Upande mmoja ni flaiwili ya injini, ambayo inaamua upana wa klachi pleti na mahali presha pleti itafungwa. Upande wa pili ni shafti ya giaboksi, ambayo inaamua tundu la katikati ya pleti na idadi ya meno yake. Ukibadilisha injini na kubaki na giaboksi ya zamani, lazima upate pleti inayowatii wote wawili. Kwa hivyo hesabu meno ya shafti. Pima unene wake kwa kalipa. Pima uso wa flaiwili. Andika kwenye karatasi, ndipo uende Kirinyaga Road. Ukienda na maneno matupu utarudi na mzigo wa mtu mwingine.

Na sababu injini iko nje na unaifikia vizuri, fanya yale ambayo baadaye yatakugharimu siku nzima. Badilisha sili ya nyuma ya krenki, ile ya bei ya sahani ya pilau. Ikivuja, oili inamwagikia klachi na inaanza kuteleza. Peleka flaiwili kwa fundi wa leith aisawazishe kama ina mikwaruzo au madoa ya kuungua. Badilisha ile bering ndogo iliyo katikati ya mwisho wa krenki, inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Badilisha rilizi bering hata kama ya zamani inaonekana nzima. Na usishike uso wa pleti kwa mikono yenye grisi. Haya yote nilifanya, na nilijisikia daktari wa upasuaji.

Kisha ikafika Jumamosi moja usiku.

Injini ilikuwa imeshakaa kwenye maunting zake. Tuliishusha mchana kwa cheni bloku ya kukodisha, iliyofungwa kwa mabomba matatu yaliyosimamishwa kama jiko la mawe. Gari lilikuwa juu ya stendi nne. Naomba usome hapo tena: stendi. Jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kubeba, na mwili wako hauna spea. Tulikuwa chini mimi na jamaa yangu mmoja, tunasukuma giaboksi juu kwa jeki ya magurudumu. Mzee alikuwa amechuchumaa pembeni, ameshika tochi. Hakuwa amelikaribia gari hilo kwa miaka, lakini siku hiyo alitoka ndani bila kuitwa.

Giaboksi ikaingia vizuri, halafu ikakwama. Kati yake na injini palibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Tukatikisa. Tukazungusha. Tukashusha na kupandisha. Nafasi ni ile ile. Saa nne usiku, mbu wanakula, mgongo umekufa ganzi juu ya kokoto.

Jamaa akasema: "Weka tu bolti ndefu, uvute. Itaingia."

Moyoni nilijua kwamba haifai. Giaboksi ikiwa imenyooka na klachi pleti iko katikati, inapaswa kuingia hadi mwisho kwa mkono. Bolti ni za kuifunga ikishafika. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na mimi nilitaka aone nimemaliza. Nikaweka bolti mbili, nikavuta huku, nikavuta kule. Nafasi ikapungua. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti.

"Hiyo ni nini?" mzee akauliza.

"Imekaa, Baba."

Nikafunga bolti zote. Nikapiga picha, nikaposti. Watu wakaweka moto na makofi. Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mbu.

Wiki moja baadaye injini iliwaka. Bro, siwezi kukudanganya, ile sauti ya kwanza baada ya miaka tisa ilimtoa mathee jikoni na mwiko mkononi. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza. Krrrrr. Nikajaribu ya pili. Krrrrr. Gari likaruka kidogo mbele na pedali bado iko chini, maana yake klachi haikuwa inaachia. Kitovu cha pleti kilikuwa kimepinda. Ile sauti ya kijiti ilikuwa yenyewe.

Kila mtu alianza kutafuta kosa. Labda ni kebo. Labda rilizi bering ni feki. Jamaa yangu alikaza kebo hadi ikakaribia kukatika. Mimi nilikuwa nikiitikia, "eeh, labda," na nilikuwa nikijua. Nilijua tangu usiku ule.

Sasa ndipo tunafika kwenye lile la cheti.

Nilikuwa nasoma diploma ya uhandisi wa mitambo. Muhula wa nne karo ilibaki na salio, sikuruhusiwa kufanya mtihani. Pesa za salio mzee alikuwa amenipa. Nilizitumia kwa simu na kamera nikidhani video zitazirudisha kabla ya mtihani. Hazikurudi. Badala ya kupiga simu nyumbani siku hiyo, niliweka bolti ndefu. Nikasema mtihani ulienda vizuri. Nikaomba nauli ya kurudi muhula uliofuata, nikapangisha chumba Githurai. Kila mtu akiuliza masomo najibu "yako poa". Nilivuta hivyo miezi minane. Na kila nilipovuta, kitu fulani kilikuwa kikipinda ndani: nilianza kumkwepa mzee, nikaacha kwenda nyumbani Pasaka, nikawa mtu wa kujibu ujumbe siku ya pili.

Mzee aliposikia kwamba nimerudi nyumbani kufufua gari, alidhani ni likizo.

Siku ile ya krrrrr nilimwambia ukweli kuhusu giaboksi. Kwamba nilisikia, kwamba haikuwa imekaa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi itoe." Hakugomba. Na sijui ni kwa nini, labda kwa sababu hilo lilikuwa limepita kirahisi, nikamwambia na lile lingine.

Hilo halikupita kirahisi. Usitarajie nikuchoree picha ya baba na mwana wakikumbatiana kando ya gari. Aliingia ndani. Jumapili mbili hakutoka nyuma ya nyumba. Chakula tulikula kimya na mathee akawa anazungumza na redio. Jumapili ya tatu alitoka na vikombe viwili vya chai, akaviweka juu ya boneti, akachukua tochi. Bado hatujamaliza kuongea kuhusu hizo pesa, na huenda itachukua muda. Lakini sikwepi tena.

Msomaji wangu, najua mko wengi. Najua kuna mtu anasoma hapa akiwa kwenye chumba ambacho wazazi wake wanafikiri ni hosteli. Sikuhubirii, sina kanzu ya kuhubiri. Nakwambia tu hesabu za gereji: siku ya kwanza kazi ingekuwa kushusha giaboksi tena, dakika ishirini. Baada ya wiki ikawa kutoa propela, kutoa ekzosi, kutoa gia liva, kufungua stata, kushusha giaboksi, kununua pleti mpya. Siku nzima na elfu nne. Kitu kilichokataa hakiwi kirahisi kwa kufungiwa ndani.

Mara ya pili nilienda kwa fundi mzee kule Kariobangi Light Industries. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Kijana yangu, pleti uliiweka katikati kwa nini?" Nikamwambia kwa macho na kidole. Akaingia kwenye rundo lake la vyuma, akanitolea shafti kuukuu ya giaboksi kama yetu. "Hii ndiyo kidole chako."

Basi hivi ndivyo inavyofanywa. Pitisha ile shafti kuukuu katikati ya klachi pleti, iingie hadi kwenye ile bering ndogo ya krenki. Hakikisha upande wa pleti wenye springi zilizochomoza unatazama giaboksi, mara nyingi imeandikwa upande upi unakaa flaiwili. Weka presha pleti, funga bolti kwa vidole, halafu kaza kidogo kidogo kwa kuvuka, hii na ile inayotazamana nayo, hadi ibane sawasawa. Mwisho kaza kwa spana ya toki. Chomoa shafti. Ikichomoka na kurudi laini, pleti iko katikati.

Ukipandisha giaboksi, iwe katika pembe ile ile ya injini. Itie gia, kisha zungusha shafti ya nyuma taratibu huku mwenzako akisukuma, meno yatapatana. Usiiache ining'inie kwa uzito wake juu ya pleti hata dakika moja. Angalia kama zile pini mbili za kuelekeza ziko mahali pake. Ikikataa, shusha, tazama, anza upya. Tulipofanya hivyo iliingia kwa sauti moja ya "tup", chuma juu ya chuma, bila bolti hata moja. Mzee akamulika kando zote nne akitafuta nafasi. Hakuipata.

Kosa la pili nilifanya kwa umeme, nalo ni fupi. Nilisahau waya wa ethi kati ya injini na bodi. Injini imekaa juu ya maunting za raba, kwa hivyo stata ikihitaji umeme, umeme utatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri. Ulipata kebo ya klachi. Tulipiga stata, kebo ikaanza kutoa moshi. Waya wa bei ya soda mbili nusura uteketeze kazi ya miezi mitano. Ukifunga injini, ethi iwe ya kwanza kwenye orodha yako.

Sasa kwa wale wa "kwa nini usinunue Vitz?" Swali lenu ni halali. Gari letu limekula karibu elfu 116 ukiweka na breki, matairi na betri. Sokoni halitarudisha hizo pesa. Kama unahitaji gari la kukupeleka kazini Jumatatu, usifufue gari, tafadhali. Panda matatu, weka akiba, nunua hiyo Vitz yako. Gari la mradi halijui Jumatatu. Na kama pesa unayotaka kutumia ni ya kodi ya nyumba au karo ya mtu, nimeshakusimulia inavyoisha.

Lakini Vitz ni laki kadhaa ambazo sikuwa nazo kwa mpigo. Hizi elfu 116 zilitoka vipande vipande, mwezi huu maunting, mwezi ujao breki. Na Vitz ingenipa usafiri tu. DX imenipa kazi. Tangu mwaka huu uanze nimebadilishia watu watano klachi hapa Ruai, kila moja nimelipwa, na hakuna iliyorudi.

Hapo ndipo nina neno kwa wakubwa, na kwetu pia. Nchi hii mwaka 1990 ilizindua gari lake lenyewe, Nyayo Pioneer, na halikuwahi kufika kwenye maduka. Tangu hapo tunaulizana kwa nini Kenya haitengenezi magari, na huku fundi anayeweza kuhamisha injini kutoka van hadi saluni chini ya mabati anaitwa "mtu wa jua kali" kana kwamba ni tusi. Mpeni mtu huyo nafasi ya kuonyesha anachojua. Na ninyi mafundi wenzangu, tusijifiche nyuma ya "mimi nimesomea mtaani". NITA ina mtihani wa ufundi wa magari, unaanza Gredi ya Tatu unapanda hadi ya Kwanza, na si lazima uwe na diploma ili kuufanya. Mimi najiandaa kufanya wa Gredi ya Tatu. Na nikubali pia: kutumia kalipa nilifundishwa chuoni. Sikuacha chuo kwa sababu hakina maana. Niliacha kwa sababu niliogopa kusema ukweli mapema.

Mwisho, ile risiti. Injini mpya ina nambari mpya, na nambari iliyo kwenye rekodi za gari ni ya injini ya zamani. Peleka gari likaguliwe na maelezo yabadilishwe NTSA kabla hujaanza kujishaua barabarani. Injini isiyo na risiti ni kesi inayosubiri kizuizi cha polisi.

Jumapili iliyopita mzee aliketi kwenye kiti cha dereva. Tulizunguka mtaa tu, hadi stejini na kurudi. Alitia gia ya kwanza, akasikiliza. Akatia ya pili, akasikiliza tena. Hakukuwa na krrrrr. Tulipofika kwenye geti aliniuliza kama kuna kitu kingine chochote ambacho sijamwambia.

Nikamwambia hendibreki haishiki vizuri.

Akacheka. Kesho naanza nayo.